Barua ya tatu: kuiomba serikali iruhusu majaribio ya bangi tiba

Dada yangu ana daftari kubwa la mistari ambalo jalada lake limeshikizwa kwa utepe wa gundi, kwa kuwa limefunguliwa na kufungwa mara nyingi kuliko mshono wake ulivyoweza kustahimili. Kila ukurasa umegawanywa katika safu nne: tarehe, saa, muda kwa sekunde, na maelezo mafupi. Kalamu nyekundu ni ya degedege la mwili mzima. Kalamu ya bluu ni ya lile la kuduwaa, pale mtoto anapokaza macho upande mmoja na kuacha kuitika hata akiitwa kwa jina lake. Mpwa wangu ana kifafa kisichosikia dawa. Usiku mmoja nililala chumba kimoja nao ili mama yake apate kusinzia, na kati ya saa sita na alfajiri nilichora mistari 11 myekundu. Kulipopambazuka dada yangu alilichukua daftari, akaangalia mwandiko wangu, akaniuliza kama nilihesabu sekunde kwa saa au kwa kukisia. Nilikuwa nimekisia. Akaandika pembeni: “kadirio la mjomba”.

Katika familia yetu mimi ndiye ninayeandika barua, kwa sababu nimefanya kazi ya masijala kwa miaka mingi na ninajua barua ya serikali huanzaje, hupitia kwa nani na hufia wapi. Dada yangu aliposoma habari za watoto wa nchi nyingine waliopata nafuu kwa mafuta yatokanayo na bangi, hakuniuliza kama ninaamini. Aliniuliza aandikiwe nani.

Barua ya kwanza iliomba kibali cha kuagiza mafuta hayo kwa ajili ya mtoto mmoja. Jibu lilikuja baada ya miezi minne, likiwa na sentensi mbili: kwamba ushahidi wa usalama na ufanisi hautoshi, na kwamba mmea huo umo katika orodha ya vitu visivyo na matumizi ya kitabibu yanayotambuliwa. Barua ya pili ilikuwa na saini za wazazi wengine tuliokutana nao kwenye mabenchi ya kliniki, na ilikuwa na hasira. Nilipoisoma upya hivi karibuni niliona aibu kidogo, maana ilijaa maneno ya huruma na haikuwa na ombi moja ambalo ofisa angeweza kuliwekea muhuri. Ilijibiwa kwa sentensi zile zile mbili, tarehe tu ndiyo iliyobadilika.

Nilifuatilia mwenyewe. Ofisa aliyenipokea, mtu mzima aliyekaribia kustaafu, alinisindikiza hadi kwenye ngazi na huko ndiko aliposema la maana. “Ndugu yangu,” alisema, “mnaniomba kitu ambacho sheria hainipi uwezo wa kutoa. Ombeni kile ambacho sheria inanipa.” Nilidhani ananikimbia kwa ustaarabu, na nilishuka ngazi nikiwa nimefura. Ilinichukua wiki kadhaa za kusoma kugundua kwamba alikuwa amenipa barua ya tatu.

Tatizo lenyewe ni mduara, na kila aliyewahi kugonga mlango huu anaujua. Dawa hairuhusiwi kwa sababu hakuna ushahidi. Ushahidi haupatikani kwa sababu hakuna majaribio. Majaribio hayafanyiki kwa sababu dawa hairuhusiwi. Ukiupigia kelele mduara huo kutoka nje hausikii. Lakini una mwanya mmoja, na mwanya huo uko mahali ambapo sikutarajia kuukuta, ndani ya mkataba wenyewe unaotajwa kila mara kuwa ndio unaozuia.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Dawa za Kulevya wa mwaka 1961 uliiweka bangi katika Jedwali la I, orodha ya vitu vinavyodhibitiwa vikali, na pia katika Jedwali la IV, lililotengwa kwa vitu vilivyohesabiwa kuwa hatari sana na visivyo na faida kubwa ya tiba. Hapo ndipo wengi huishia kusoma. Ibara ya 2, aya ya 5, inaposema kwamba nchi inaweza kupiga marufuku kabisa vitu vya Jedwali la IV ikiona hali yake inahitaji hivyo, inaacha nje ya marufuku hayo kiasi kinachohitajika kwa utafiti wa kitabibu na kisayansi pekee, na inayataja kwa jina majaribio ya kitabibu yanayofanywa chini ya usimamizi na udhibiti wa moja kwa moja wa serikali. Nilisoma sentensi hiyo mara tatu. Waliouandika mkataba, katika zama ambazo hakuna aliyekuwa akiitetea bangi hadharani kwenye meza zile, waliona mbali kiasi cha kutoufungia utafiti mlango. Tena mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza bangi iondolewe katika Jedwali la IV, na tarehe 2 Desemba 2020, mjini Vienna, Tume ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya ilikubali pendekezo hilo kwa kura 27 dhidi ya 25, na mjumbe mmoja akajizuia. Bangi imebaki Jedwali la I, pamoja na mofini, na mofini ni dawa kali ya maumivu ambayo hospitali huihifadhi kabatini kwa funguo mbili na kuitoa kwa saini.

Basi serikali inayosema mikono yake imefungwa na mkataba haijausoma hadi mwisho, au imeusoma na haipendi kusema sababu yake halisi. Sisemi hivyo kwa kebehi. Ofisa anayesaini kibali cha kwanza cha namna hii anajua kwamba likitokea jambo baya jina lake ndilo litakaloandikwa, na likitokea jema hakuna atakayemkumbuka.

Ilitubidi pia tujifunze tunaomba nini hasa, maana neno “bangi” ni kapu kubwa mno. Mmea huu una kemikali nyingi, lakini mbili ndizo zinazozungumzwa zaidi. Moja ni THC, inayolevya, na nyingine ni kanabidioli, ambayo hailevyi. Mkemia Raphael Mechoulam na wenzake walibainisha muundo wa kanabidioli mwaka 1963, na mwaka uliofuata wakaitenga THC. Mwaka 1980 watafiti wa Brazili, Elisaldo Carlini akiwa mmoja wao, walichapisha jaribio dogo la kanabidioli kwa wagonjwa wa kifafa: kati ya wanane waliopewa dawa, wanne waliishi karibu bila degedege katika muda wa jaribio. Wanane ni wachache mno kujengea hoja, lakini ni wengi wa kutosha kumfanya mtu aulize tena. Ilipita zaidi ya miongo mitatu kabla swali hilo halijaulizwa kwa ukubwa unaolistahili. Mimi huwa nafikiria watoto waliozaliwa, wakaugua na wakafa ndani ya miongo hiyo.

Katika kundi letu la wazazi kulikuwa na waliotaka tuyaruke majaribio na kudai ruhusa ya moja kwa moja. Niliwaelewa, lakini yaliyotokea Uingereza yalinitisha. Huko, baada ya familia za watoto wenye kifafa kupaza sauti mwaka 2018, serikali ilibadilisha kanuni, na kuanzia tarehe 1 Novemba mwaka huo madaktari bingwa waliruhusiwa kuandika dawa za bangi. Ilikuwa shangwe. Kisha wazazi wakaenda kwa madaktari hao na kukuta wengi hawaandiki, kwa sababu daktari hupewa kalamu na sheria lakini mkono wake husukumwa na ushahidi, na kwa mafuta yale yasiyosajiliwa kama dawa ushahidi wa majaribio ulikuwa haba. Mwaka 2019 chombo cha Uingereza kinachotoa miongozo ya tiba hakikuyapendekeza kwa kifafa kikali. Kilipendekeza utafiti zaidi. Familia nyingi zimebaki zikinunua kwa fedha zao. Sheria ilifunguka na mlango wa pili ukakutwa umefungwa, nao ni ule ule wa ushahidi tuliokuwa tumeambiwa tangu barua ya kwanza.

Kwa hiyo tukageukia majaribio, na hapo nikaanza kuwasoma waliotutangulia. Daktari Donald Abrams wa San Francisco alitaka, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, kuchunguza kama bangi ingewasaidia wagonjwa wa UKIMWI waliokuwa wakikonda hadi kufa. Nchini Marekani bangi ya utafiti ilitoka sehemu moja tu, shamba la Chuo Kikuu cha Mississippi lililokuwa na mkataba na serikali tangu mwaka 1968, na taasisi ya serikali iliyosimamia mgao huo ilikuwa na kazi ya kuchunguza madhara ya ulevi. Alikataliwa kwa miaka. Mwaka 1997 alikubaliwa, na hata akapewa fedha za serikali, baada ya kuligeuza swali: badala ya kuuliza kama bangi inasaidia, aliuliza kama inawadhuru wagonjwa wanaotumia dawa za kupunguza makali ya virusi. Aliwalaza watu 67 hospitalini kwa siku 21, wengine wakivuta bangi, wengine wakimeza vidonge vya THC, wengine vidonge vitupu, visivyo na dawa ndani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 hayakuonyesha kwamba bangi iliongeza virusi, na uzito wa waliotumia bangi au vidonge vya THC uliongezeka kuliko wa waliopewa vidonge vitupu. Jibu la swali la kwanza likapatikana kwa mlango wa uani.

Kisa hicho kilinifundisha uandishi wa barua kuliko miaka yangu yote ya masijala. Ofisa wa serikali ana wajibu wa kulinda watu na madhara. Ukimwandikia juu ya nafuu pekee unamwandikia kwa lugha ambayo si ya dawati lake. Mwandikie juu ya madhara yanayotokea sasa hivi gizani, na namna jaribio litakavyoyaweka kwenye mwanga, utaona barua inapanda ngazi.

Lakini aliyenikosesha usingizi ni Daktari Sue Sisley wa Arizona. Alitaka kujua kama bangi inawasaidia maveterani wa vita wenye msongo wa akili unaofuata kiwewe. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliukubali mpango huo mwaka 2011. Baada ya hapo zikafuata idhini nyingine na nyingine. Mwaka 2014 chuo alichokuwa akifanyia kazi hakikuendelea naye. Kibali cha mamlaka ya kudhibiti dawa za kulevya kilitoka mwaka 2016. Wagonjwa wa kwanza walianza mwaka 2017, na bangi iliyotolewa kwa utafiti ililalamikiwa kuwa hafifu na kuwa na kuvu. Maveterani wapatao 80 walishiriki. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021, miaka kumi baada ya idhini ya kwanza: makundi yote yalipata nafuu, likiwemo lile lililovuta bangi iliyoondolewa kemikali zake, na hakuna aina yoyote ya bangi iliyoishinda ile tupu kwa tofauti ya kitakwimu.

Mtu anapigania swali kwa miaka kumi, na jibu linakuja likiwa “hatukuona tofauti”. Niliwasomea wenzangu habari hiyo kwenye mkutano wetu na palinyamaza. Kisha baba mmoja, mpole siku zote, akauliza kwa nini ninawavunja moyo watu. Nikamjibu kwamba anayeomba jaribio anaomba pia uwezekano wa kuambiwa hapana, na kama hatuko tayari kuambiwa hapana, basi ombi letu la majaribio ni kanzu tu tumelivisha ombi lile la kwanza, na maofisa si wajinga, wataliona.

Siku hiyo hiyo ndipo ulipozuka ugomvi wa plasebo. Nilikuwa nimeeleza kwamba katika jaribio la kweli watoto hugawanywa kwa kura, nusu wapewe mafuta yenye dawa na nusu wapewe mafuta matupu yenye rangi na ladha ile ile, na kwamba si mzazi wala daktari anayejua nani kapata nini hadi mwisho. Mama mmoja alisimama. Alisema mwanawe si mbuzi wa kupigiwa kura. Alisema anayemnyima mtoto dawa huku akimpa chupa ya uongo hana tofauti na anayemwibia. Wengi walipiga makofi, na kusema kweli na mimi moyoni nilipiga.

Aliyejibu alikuwa dada yangu, na alijibu kwa kukiri jambo ambalo hata mimi sikulijua. Miezi mingi nyuma alikuwa amenunua kichupa cha mafuta ya bangi kwa mchuuzi wa mkononi. Kilikuwa cha kioo cheusi, na mpira wake wa kutoneshea ulikuwa umeanza kunata. Lebo ilikuwa na jani la kijani na tarakimu zisizo na kipimo. Kilinuka majani makavu yaliyoloweshwa. Alimpa mtoto matone matatu chini ya ulimi asubuhi na jioni bila kumwambia daktari, na mwezi ule daftari likawa jeupe: mistari minne tu, yote ya bluu. Alilia kwa furaha. Alikuwa tayari kusimama mbele ya kamera yoyote na kuapa.

Kisha, alisema, akafungua kurasa za nyuma ili alinganishe, na akakuta mwezi kama ule ule, mwaka mmoja kabla, mistari mitano, wakati mtoto hakupewa kitu kipya chochote. Kifafa kilikuwa kimepumzika chenyewe, kama kinavyopumzika, kisha kikarudi. Mwezi wa pili wa kile kichupa kikarudi pia. “Sasa niambieni,” alisema akilishika daftari kwa mikono miwili, “kilinisaidia au kilinipumbaza? Mimi mama yake, ninayeandika kila usiku, sijui. Nani mwingine atajua?”

Sijui kama daktari yeyote angeieleza plasebo vizuri zaidi. Niliongezea takwimu moja tu. Mwaka 2017 lilichapishwa jaribio la kanabidioli kwa watoto na vijana 120 wenye ugonjwa wa Dravet, aina ya kifafa kikali kinachoanza utotoni. Katika kundi la dawa, idadi ya kati ya degedege kwa mwezi ilishuka kutoka 12.4 hadi 5.9, katika kundi la mafuta matupu ilitoka 14.9 hadi 14.1. Hiyo ndiyo namba iliyoenda magazetini. Ile iliyowagusa wazazi wa kundi letu ni nyingine: watoto ambao degedege lao lilipungua kwa nusu au zaidi walikuwa asilimia 43 kwenye dawa, lakini walikuwa asilimia 27 kwenye mafuta matupu. Zaidi ya robo ya wazazi waliopewa chupa tupu walikuwa na kila sababu ya kuapa kwamba imewasaidia. Na watoto wa kundi hilo hawakuachwa hivyo hivyo, kwani jaribio lilidumu wiki 14, na waliolimaliza wangeweza kuendelea kwenye awamu ya wazi ambamo wote hupewa dawa. Sharti hilo tuliliandika katika barua ya tatu kwa maneno yasiyo na kona: hakuna mtoto atakayebaki na mafuta matupu baada ya jaribio kwisha, ikiwa familia na daktari wanataka dawa. Yule mama alisaini. Alisema bado hapendi, lakini anasaini.

Matokeo ya jaribio hilo na mengine ndiyo yaliyoifanya mamlaka ya dawa ya Marekani isajili Epidiolex mwezi Juni 2018, dawa ya kwanza kusajiliwa huko iliyotengenezwa kwa kanabidioli iliyosafishwa kutoka kwenye mmea wenyewe. Utasikia watu wakisema basi ushahidi upo, majaribio ya nini tena? Ushahidi upo kwa dawa moja, iliyosafishwa, kwa aina chache za kifafa. Aina ya mpwa wangu haimo. Mafuta yanayouzwa mikononi hayamo kabisa.

Barua ya tatu ilikuwa na kurasa sita, na kazi kubwa ilikuwa kuipunguza. Rasimu ya kwanza ilitaka kifafa, maumivu ya saratani, kukakamaa kwa misuli na kichefuchefu, kila mzazi na kila mgonjwa akiwa ameongeza wake. Daktari bingwa wa mishipa ya fahamu aliyekubali kutusaidia alichukua kalamu akakata yote isipokuwa moja. Ugonjwa mmoja, alisema, bidhaa moja, swali moja. Ndiyo maana barua hiyo iliomba jaribio la kanabidioli iliyosafishwa, isiyo na THC ila chembe, kwa watoto wenye kifafa kilichoshindikana kwa dawa mbili au zaidi, wakiendelea na dawa zao za kawaida. Iliomba vimeng'enya vya ini vipimwe kabla na kila baada ya muda, kwa sababu majaribio yaliyotangulia yalionyesha vinaweza kupanda, hasa kwa wanaotumia valproeti, dawa ya kawaida ya kifafa. Ilitaja klobazamu, dawa nyingine ya kifafa, kwa jina, kwa kuwa kanabidioli huzidisha nguvu ya dawa hiyo mwilini na mtoto anaweza kusinzia kupita kiasi, na mzazi akaudhani usingizi huo kuwa utulivu. Ilieleza dawa itawekwa wapi, funguo zitashikwa na nani, chupa zilizotumika zitarudishwaje na kupimwa kilichobaki ndani. Kurasa mbili nzima zilikuwa za makabati na funguo. Dada yangu aliona zinachosha. Mimi nilijua hizo ndizo zitakazosomwa kwanza.

Waliokata tamaa kabla yetu mara nyingi walikwama kwenye jambo dogo kuliko yote, kipimo cha matokeo. Uingereza iliwahi kufanya jaribio kubwa la dawa za bangi kwa wagonjwa 630 wa maltipo sklerosisi, ugonjwa unaoharibu utando wa mishipa ya fahamu, na matokeo yakatoka mwaka 2003. Madaktari walipokunja na kukunjua viungo vya wagonjwa na kutoa alama, hawakuona tofauti ya maana. Wagonjwa walipoulizwa wenyewe, waliotumia dawa walisema kukakamaa na maumivu vimepungua. Nani kasema kweli? Inawezekana wote wawili, maana alama ya daktari haipimi mtu alivyolala usiku. Lakini inawezekana pia kwamba wagonjwa walitambua kwa kizunguzungu chao kuwa wamepata dawa yenyewe. Usipokubaliana mapema utapima nini na kwa nani, unaweza kulipigania jaribio miaka mingi na mwisho wake kila upande ukaondoka na nusu ya karatasi iliyoufurahisha.

Nimesema mengi juu ya serikali, na si haki nikae kimya juu ya marafiki zetu. Habari zetu zilipoanza kusikika walikuja watu wenye suti nzuri na vichupa vyenye majani ya kijani, wakiahidi kulipia mabango, usafiri na mwanasheria. Walichotaka ni picha ya mtoto. Tulikataa, na kukataa kulituuma, kwa kuwa mfuko wetu ulikuwa na michango ya wazazi tu. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walinunua kwenye intaneti bidhaa 84 za kanabidioli na kuzipima: zilizokuwa na kiasi kilichoandikwa kwenye lebo zilikuwa asilimia 31 tu, na bidhaa 18 zilikutwa na THC. Kwa mtoto ambaye ubongo wake bado unajengeka, hilo si kosa la karani. Muuzaji wa namna hiyo hahitaji majaribio. Yanaweza kumharibia biashara. Anahitaji sheria ilegee na maswali yaishe.

Wapinzani wa dhati wamekuwa na manufaa zaidi kwetu. Daktari mmoja wa magonjwa ya akili alituambia waziwazi kwamba amehudumia vijana wengi waliovurugwa na bangi na kwamba kila barua kama yetu humpa kijana mwingine neno la kujitetea: “ni dawa”. Hatukubishana naye. Tulimwomba aisome rasimu, naye akaisoma kwa kalamu mkononi, na sentensi inayosema jaribio hili halihusu kuvuta wala kulima wala kuhalalisha ni yake. Hajatuunga mkono hadi leo. Lakini alipoulizwa na wakubwa wake, alisema mpango ule una adabu, na nadhani neno hilo lilifanya kazi kuliko saini zetu zote.

Australia ilitupa moyo wa aina nyingine. Kijana Dan Haslam, aliyekuwa akitibiwa saratani ya utumbo na kuteswa na kichefuchefu cha dawa zake, alianza na mama yake, Lucy, aliyewahi kuwa muuguzi, kampeni iliyoifikia serikali ya jimbo la New South Wales, nayo ikakubali kugharimia majaribio. Dan alifariki mwezi Februari 2015, kabla ya yote hayo kuanza. Jaribio la kichefuchefu lilifanyika, matokeo ya awali yakatoka mwaka 2020: wagonjwa waliokaa bila kutapika na bila kuhitaji dawa ya dharura walikuwa asilimia 25 walipotumia mchanganyiko wa THC na kanabidioli, na asilimia 14 walipotumia plasebo, huku usingizi na kizunguzungu vikiongezeka. Nafuu ya kiasi, yenye gharama yake, iliyoandikwa kwa tarakimu. Mimi ningeridhika na kitu kama hicho.

Barua ya tatu haikujibiwa kwa sentensi mbili. Ilijibiwa kwa karatasi ya kamati ya maadili yenye maswali 19, na nilipoipokea nilicheka peke yangu, kwa sababu mtu haulizwi maswali 19 juu ya jambo lililokwisha kukataliwa. Mengi ni ya daktari na mfamasia: nani atatengeneza, kwa kiwango gani, bima ya washiriki, nani mwenye mamlaka ya kusimamisha jaribio katikati. Mengine yalituelekea sisi. Ridhaa itaelezwaje kwa mzazi asiyejua kusoma? Mtoto mkubwa kidogo akisema hataki, itakuwaje? Nimejibu hayo kwa kadiri nilivyoweza na kumpelekea daktari arekebishe.

Swali la 14 nilimwachia dada yangu. Linauliza idadi ya degedege itarekodiwa na nani, kwa utaratibu gani, na yale ya usiku yatahesabiwaje wakati mlezi amelala. Alikaa nalo mezani jioni nzima, daftari limefunguliwa pembeni, akichora kwa rula jedwali jipya. Safu zimekuwa sita. Ya tano ni ya jina la aliyehesabu. Ya sita ameiandika kwa kalamu nyekundu: “kwa saa, au kwa kukisia”.